Mwenda pole hajikwai: Namna ya kudumu katika mbio na kuongeza kasi

Na Mwandishi Wetu

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), aliyetupa viungo vya kutembelea na pumzi ya kuvitumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, ukipita Kibaha alfajiri, kuanzia Maili Moja hadi Mkuza, au ukipanda Kisarawe kwa njia ya Pugu siku ya Jumapili, utawakuta watu wazima wakikimbia. Wapo vijana wa vikundi vya jogingi wenye fulana za rangi moja, wapo mabwana wenye vitambi walioambiwa na daktari kwamba presha imepanda, na wapo akina mama waliotoka wawili wawili kabla jua halijachomoza. Hili ni jambo la kheri. Tatizo ni kwamba ukirudi baada ya mwezi mmoja, wengi katika wale huwaoni tena. Mmoja anasema goti linamuuma, mwingine anasema kazi zimembana, na wa tatu anakwambia kweli: "Nilikimbia wiki tatu, sikuona kasi wala tumbo kupungua, nikachoka."

Hasara ya kuacha si ndogo. Presha, kisukari cha ukubwani na kiharusi ni maradhi yanayoingia katika nyumba zetu kimya kimya, na mazoezi ya mwili ni miongoni mwa kinga zake kubwa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Lakini kinga hiyo haiwekwi akiba. Mwili uliozoezwa mwezi mmoja kisha ukaachwa hurudi ulikokuwa. Kwa hiyo swali la mkimbiaji wa kawaida ni mawili: nitadumu vipi, na nitaongeza vipi kasi? Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja.

Pale Kibaha kuna mtaa unaitwa Mwendapole. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na elimu ya mazoezi ya leo inakubaliana nao: anayekimbia polepole siku nyingi ndiye anayekuja kuwa na kasi, na anayekimbia kwa kasi kila siku ndiye anayeacha.

Somo la Salama bin Al-Akwa'i (RA)

Waislamu si wageni katika mbio. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe, Bi. Aisha (RA), wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi. Aisha alishinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena na safari hiyo Mtume (SAW) akashinda, akamwambia kwa mzaha wa mapenzi kwamba ule ushindi wa mwanzo umelipwa. Katika kisa hicho tunajifunza kwamba mazoezi hayapunguzi heshima ya mtu mzima, kwamba mume na mke wanaweza kufanya pamoja, na kwamba mwili ukiongezeka kasi hupungua, tena kwa watu wote.

Mwalimu mkubwa zaidi wa mbio miongoni mwa masahaba ni Salama bin Al-Akwa'i (RA), aliyekuwa mashuhuri kwa kukimbia kwa miguu. Imo katika Sahih Muslim habari ya safari moja ya kurejea Madina, ambapo palikuwa na Mwansari mmoja asiyeshindwa mbio, akawa anauliza nani atashindana naye hadi mjini. Salama alimuomba Mtume (SAW) ruhusa, akaruka kutoka kwenye ngamia, akaanza kukimbia. Sasa zingatia alivyofanya. Hakutoka kwa nguvu zake zote. Anasimulia kwamba alijizuia kwa kilima kimoja au viwili ili kuihifadhi pumzi yake, akafuata nyuma, akajizuia tena, kisha akaongeza mwendo hadi akamfikia mwenzake, akamgusa kati ya mabega, akampita, akafika Madina wa kwanza.

Hiyo ndiyo siri ambayo makocha wanaifundisha hadi leo: aliyeitunza pumzi mwanzoni anayo ya kutumia mwishoni. Ni siri ya mbio moja, na ni siri ya mwaka mzima wa mazoezi.

Kwa nini polepole huzaa kasi

Mtu anapokimbia kwa mwendo mwepesi mara kwa mara, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na vile vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya chembe za misuli huongezeka pia. Matokeo yake, mwendo uliokuwa ukikuhemesha mwezi wa kwanza unakuwa mwepesi mwezi wa tatu. Kasi imeongezeka na wewe hukuilazimisha.

Aidha, moyo na mapafu huzoea haraka kuliko mifupa na kano. Baada ya wiki tatu au nne mtu hujiona ana pumzi, akaongeza mbio ghafla, ilhali miundi, magoti na kano za visigino bado hazijawa tayari. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, na wengi huachia hapo. Hivyo basi, anayekimbilia kasi mapema haikosi kasi tu, bali anapoteza na mbio zenyewe.

Utajuaje kwamba mwendo wako ni mwepesi? Kipimo unacho mdomoni. Ukitoka kuswali Alfajiri, soma nyiradi zako za asubuhi huku ukikimbia. Kama unaweza kutamka tasbihi kwa sauti ya chini, neno baada ya neno, bila kukatika pumzi, mwendo wako ni sawa. Kama kila neno linatoka na mhemo, punguza, hata ikibidi kutembea. Usione haya kutembea.

Pa kuanzia

Kwa asiyewahi kukimbia, au aliyeacha miaka mingi, siku 3 kwa wiki zinatosha, kwa mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Wiki 4 za mwanzo, kimbia dakika 1 kisha tembea dakika 2, urudie mara 10. Hizo ni dakika 30. Wiki 4 zinazofuata, kimbia dakika 3 na utembee dakika 1, urudie mara 7 au 8. Kutoka hapo punguza kutembea kidogo kidogo hadi uweze kukimbia dakika 30 mfululizo kwa kile kipimo cha tasbihi. Ikiwa wiki fulani imekuwa nzito, irudie.

Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, na kila mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo, aanze kwa kumuona daktari. Anayetumia dawa za kushusha sukari azungumze naye hasa kuhusu wakati wa kula na wa kukimbia, na akiwa njiani awe na tende au sukari mfukoni. Maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio usivyo kawaida, ni dalili za kusimama papo hapo na kwenda hospitali. Kibaha ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, na Kisarawe ipo hospitali ya wilaya. Usiseme "nitamalizia kwanza".

Siku moja ya kasi

Ukishaweza kukimbia dakika 30 bila kusimama kwa muda wa mwezi mzima, ongeza siku moja ya kasi kwa wiki. Moja tu. Siku nyingine zote zibaki za tasbihi.

Kwa watu wa Kibaha, nguzo za umeme katika barabara za mitaa zinatosha kuwa kocha. Kimbia pole dakika 10 ili mwili upate joto. Kisha kimbia kwa haraka, lakini si kwa nguvu zote, kutoka nguzo moja hadi ya pili yake, halafu nenda pole nguzo mbili au tatu hadi pumzi irudi. Rudia mara 6. Baada ya wiki kadhaa ifike mara 8 au 10. Malizia kwa kwenda pole dakika 10. Ya mwisho iwe na kasi sawa na ya kwanza. Kama ya mwisho imekushinda, ujue ya kwanza uliizidisha, na hukufanya alivyofanya Salama (RA).

Kwa watu wa Kisarawe, Allah (SW) amewapa vilima. Chagua mteremko usio mkali sana, upande kwa haraka kwa sekunde 30 hivi, kisha ushuke kwa kutembea. Fanya mara 4, na baadaye mara 6. Kupanda kunatia nguvu mapaja na nyonga bila kishindo kikubwa magotini. Kushuka kwa kasi ndiko kunakoumiza, kwa hiyo mteremko ni wa kutembea. Kando ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hewa ni nzuri na kivuli kipo, ila usiende peke yako, na ndani ya hifadhi usiingie bila kufuata utaratibu wa wanaoisimamia.

Kasi nayo ipimwe kwa utulivu. Chagua njia moja, tuseme ya kilometa 3, uikimbie kwa bidii mara moja kila baada ya wiki 4, saa ile ile, na uandike muda. Ukitumia dakika 24, mwendo wako ni dakika 8 kwa kilometa. Ukifika dakika 22 na nusu, umeshuka hadi dakika 7 na nusu kwa kilometa, na hiyo ni hatua kubwa. Anayejipima kila siku hukata tamaa, kwa sababu siku ya joto, ya usingizi mchache au ya mawazo mengi, saa haitamfurahisha hata kama mwili wake unaendelea vizuri.

Mifano iliyo karibu nasi

Watoto wa Kibaha wanaosoma katika shule za Filbert Bayi pale Mkuza wanaliona jina hilo kila siku. Mzee Bayi ndiye aliyeongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Rekodi ya michezo hiyo aliyoiweka siku ile ilidumu miaka 48, hadi mwaka 2022. Mwaka 1975 aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja, huko Kingston, Jamaica. Mtu anaweza kusema: mbona yeye alitoka mbele tangu mwanzo? Ndiyo, lakini alitoka kwa mwendo ambao mwili wake ulikuwa umeandaliwa kuubeba. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza akimuiga, ataishia mzunguko wa kwanza.

Kwa upande wa kudumu, mfano wa karibuni ni Alphonce Simbu. Mwaka 2016 alikuwa wa 5 katika marathoni ya Olimpiki huko Rio. Mwaka 2017 alipata shaba katika mashindano ya dunia jijini London. Kisha ikapita miaka 8. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akiwa na muda uleule na Mjerumani Amanal Petros. Kilichowatenganisha kilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983. Fikiria kama angeacha mwaka wa 3, au wa 7, kwa kuwa hajaona matokeo.

Yanayomdumisha mtu

Kwanza ni niya. Mwili ni amana, na tumefundishwa kwamba una haki juu yetu. Anayekimbia ili apate nguvu za kusimama katika swala, kutafuta riziki na kulea watoto, ana sababu isiyoisha. Anayekimbia ili asifiwe, siku asiposifiwa atalala.

Pili ni mwenza. Kama swala inavyopendeza kwa jamaa, mazoezi nayo hudumu kwa jamaa. Ukijua kuna ndugu anakusubiri nje ya msikiti baada ya Alfajiri, hutarudi kitandani. Lakini chagua mwenza wa mwendo wako. Kikundi kinachokukimbiza kuliko pumzi yako kitakuumiza.

Tatu ni kupokea uchache. Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah (SW) ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Siku uliyochoka, toka dakika 10 tu. Na siku ikikupita kabisa, iache ipite. Mbio si swala, hazilipwi kadha. Anayekimbia mara mbili leo ili kufidia jana ndiye atakayelala na barafu gotini kesho.

Nne ni mapumziko. Misuli hujengeka mtu akiwa amelala, si akiwa anakimbia. Anayekesha kwenye runinga au simu hadi saa 7 usiku kisha akatoka mbio alfajiri anabomoa bila kujenga.

Katika mwezi wa Ramadhani, acha siku ya kasi kabisa. Kimbia au tembea kidogo karibu na futari, ili maji yafuate mara, au baada ya Tarawehe. Lengo la mwezi huo katika mbio ni kutopoteza ulichonacho.

Usafi na stara ya mkimbiaji

Jasho si najisi, lakini jasho lililolala kwenye nguo huzaa harufu na maradhi ya ngozi. Tumekatazwa kuwaudhi wenzetu msikitini kwa harufu ya kitunguu saumu, basi na harufu ya soksi ni vivyo hivyo. Nguo za mbio ziwe mbali na nguo za swala, na zifuliwe siku hiyohiyo. Ukirudi, oga, kisha ukaushe vizuri kati ya vidole vya miguu, kwani fangasi hupenda unyevu. Pakaa mafuta ya nazi kwenye mapaja na kwapa kabla ya kutoka kama nguo hukuchubua.

Kata kucha za miguu. Hiyo ni katika sunna za maumbile, na kucha ndefu ndani ya kiatu huvilia damu na kuwa nyeusi. Viatu vya mtumba si vibaya. Vitazame kama soli haijaliwa upande mmoja, uvifue kwa sabuni na uvianike. Vikilowa, vijaze karatasi kavu vinyonye maji, ila isiwe gazeti hili wala karatasi yoyote yenye jina la Allah. Usikimbie pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, kwani minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu.

Wanaume wavae kinachofunika hadi chini ya magoti. Akina mama wavae nguo pana na nyepesi, na mtandio uliofungwa usiovutwa na upepo, na watoke kwa kundi au na maharimu wao. Asiyepata nafasi ya kutoka anaweza kuzunguka ua wa nyumba, dakika 20 kwa kipimo cha tasbihi, na faida ataipata.

Ama usalama, Barabara ya Morogoro si uwanja wa mazoezi. Malori na mabasi hayana subira na mkimbiaji gizani. Tumia barabara za mitaa au viwanja vya shule kwa ruhusa ya wenyewe. Inapobidi kupita kando ya barabara, kimbia upande wa kulia ili magari na bodaboda yanayokujia uyaone, na uvae nguo nyeupe. Usiweke vipokea sauti masikioni. Pwani kuna joto na unyevu, kwa hiyo alfajiri ni bora kuliko saa 4 asubuhi. Kunywa maji safi kabla na baada. Ukiona kichwa kinauma sana, baridi inakushika wakati wa jua, au akili inachanganyika, kaa kivulini, jimwagie maji na uombe msaada haraka.

Ndugu msomaji, anza kesho baada ya swala, kwa dakika 30 ambazo nyingi zake ni za kutembea. Baada ya miezi 3 utakuwa unampita yule aliyekuwa akikucheka, na huenda wakati huo yeye amekwisha kuacha. Mtakie afya, umualike, muende pamoja kwa mwendo wake.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie afya njema, atuwezeshe kuitunza na kuitumia katika kumtii. Amin.